Barua kwa mwanangu: mapenzi na hila za Portia

Mwanangu Zuhura,

Umeuliza kwa nini Portia, mwanamke mkuu katika tamthilia ya Shakespeare The Merchant of Venice, asifiwe kwa upendo ilhali karibu kila alifanyalo ni hila. Zama za Renesansi, yaani za mwamko wa sanaa na elimu Ulaya, hazikuona mgongano hapo. Petrarca, mshairi wa Kiitaliano, katika diwani yake ya mashairi 366, alimpenda Laura kwa mbali na kuumia. Tamthilia za karne ya 16 ziliwapa wapenzi akili ya kuvuka huo umbali.

Chukua Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Nyerere ya tamthilia hiyo, ya 1969. (Bepari asili yake ni mfanyabiashara tu, lakini miaka miwili baada ya Azimio la Arusha sidhani neno lile lilichaguliwa kwa bahati.)

Kwa wasia wa baba yake, Portia ataolewa na atakayechagua kasha sahihi kati ya matatu. Kwenye makasha hayo, usikimbilie dhahabu, fedha na risasi. Soma kwanza kiapo cha waposaji: akikosea, asimwambie mtu kasha alilolichagua, asipose mwanamke mwingine maisha yake yote, na aondoke papo hapo. Kasha la risasi nalo linamtaka achaguaye atoe na kuhatarisha vyote alivyo navyo. Bassanio, mposaji ampendaye Portia, amekuja na dukati (sarafu) 3,000 ambazo rafiki yake Antonio alizikopa kwa Shylock, kwa hati kwamba asipolipa atakatwa ratili ya nyama mwilini, kwa hiyo anachohatarisha hasa ni mwili wa rafiki yake. Kisha fungua Kiingereza, kwa sababu tafsiri haiwezi kuibeba hila hii: wimbo unaoimbwa Bassanio akitafakari una mistari ya mwanzo yenye vina vinavyolingana na "lead", yaani risasi. Wengine husema ni sadfa. Mimi nasema Portia amedokeza bila kuvunja wasia wa baba yake.

Hadithi ya Kiitaliano iliyompa Shakespeare kisa hiki haina makasha. Mwanamke huwatilia wageni dawa ya usingizi kwenye divai, wakilala anachukua merikebu zao. Kwa kuiondoa divai ile, Shakespeare aliufanya ujanja wa Portia upendeke.

Deni halikulipwa kwa wakati, Shylock anadai nyama yake, na Portia anakuja mahakamani amejigeuza mwanasheria. Hapo wanafunzi wengi hurukia damu, wakamsahau tabibu. Fuata mpangilio. Portia anaomba huruma, anakataliwa. Anamtajia Shylock fedha mara tatu ya deni, anakataa. Anauliza mizani, Shylock anayo tayari. Ndipo anaomba awepo tabibu, Antonio asije akafa kwa kutoka damu. Shylock anajibu kwa swali: je, hati imesema hivyo? Kwa swali hilo amejifunga mwenyewe kwenye herufi za hati, na hati imetaja ratili ya nyama, haikutaja damu. Neno lenyewe Portia alikwisha kulitamka mbele yake, asilisikie.

Pete usiichukulie kama kichekesho cha mwisho tu. Portia alimpa Bassanio, naye akaapa haitamtoka kidoleni ila kwa kifo. Mwanasheria kijana, ambaye ni Portia mwenyewe, anaidai iwe ujira wake. Bassanio anakataa, Antonio anamsihi, anaitoa.

Sasa iweke kando ya pete ya Shylock, ya feruzi, aliyopewa na Leah, aliyekuja kuwa mkewe, akiwa bado kapera. Jessica, bintiye, ametoroka nayo kwa ajili ya mapenzi, akaibadilisha na nyani. Shylock anasema asingeitoa hata kwa msitu mzima wa nyani. Andika insha yako kuanzia hapo.

Baba anakusalimu.

Mama yako