Deiwaka wa zahanati naye ni mkunga

Ndugu Mhariri,

Pale stendi ya Buzuruga, deiwaka ni dereva anayepewa gari siku mwenyewe amechoka au ana msiba. Abiria hawana neno naye, wanachotaka ni kufika Igoma. Lakini ukivaa sare ukaingia wodini kumshikia mtu nafasi, jina hilohilo linageuka tusi. "Dada, wewe ni wa hapahapa au deiwaka?" Mama mmoja aliniuliza hivyo huku nimemshika mkono namtafuta mshipa.

Ni deiwaka, Mhariri, na sioni haya. Nina stashahada ya uuguzi na ukunga, leseni yangu ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iko hai, na maombi ya ajira serikalini nimeyatuma mara nyingi hadi nywila ya mfumo naikumbuka kuliko namba ya simu ya mama yangu. Wakati nasubiri, nashika nafasi za watu. Nawaandikia kwa sababu wengi wanadhani hiyo ni kazi ya aliyekosa kazi tu, wala hawaoni inachokifanya.

Muuguzi akijifungua, sheria inampa siku 84 za likizo ya uzazi, na 100 akijaliwa pacha. Ni haki yake. Kwenye hospitali kubwa kama Bugando au Sekou Toure zamu zitapangwa upya, watu watanung'unika, kazi itaendelea. Sasa mhamishie muuguzi huyo kisiwani. Ukerewe ina visiwa 38. Si vyote vyenye wakazi, lakini penye wakazi wajawazito hawakosekani. Zahanati yenye wauguzi wawili ikibaki na mmoja, huyo mmoja halali.

Nilizishika siku 84 za namna hiyo. Chuoni nilifundishwa mengi, ila hakuna mkufunzi aliyeniambia kwamba msongamano wa wagonjwa unafuata mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki, mitumbwi inabaki ufukweni. Basi siku za mbalamwezi wanaume wote wanakumbuka kuwa wanaumwa. Kichocho, malaria, jeraha la ndoana la wiki mbili limeshatunga usaha, vyote asubuhi moja. Mwezi wangu wa pili pale nilishajua: nikiona nyavu zimeanikwa na watu wanacheza bao mchana, naandaa vifaa vya kusafishia vidonda mapema.

Halafu kuna usiku mmoja wa ziwa kuchafuka. Mama wa mtoto wa nne alijifungua salama, kondo likatoka, kisha damu ikaendelea kuja. Mjini ningepiga kelele, daktari angefika. Pale tulikuwa mimi, mhudumu mmoja na tochi ya simu. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, ilikuwa kwenye jokofu la sola pamoja na chanjo. Nikamchoma, nikaweka kiganja tumboni nikawa nakanda mfuko wa uzazi, laini kama unga uliozidi maji. Nikakanda mpaka mkono ukafa ganzi. Uliposhupaa chini ya vidole, mhudumu alianza kucheka peke yake. Boti isingeweza kuvuka usiku ule hata kama tungekuwa na mafuta. Nilitoka kisiwani mkunga mwingine kabisa, na nina hakika miaka miwili ya kukaa wodi moja mjini isingenipa nilichopewa na miezi ile mitatu isiyotimia.

Faida nyingine ni ya nyumbani zaidi. Mama yangu alipougua, niliacha kuchukua mikataba nikabaki na usiku mbili kwa wiki kwenye hospitali moja ya binafsi mjini. Mchana nampeleka kliniki, usiku nashika zamu. Mwajiriwa wa kudumu angeomba ruhusa mpaka ruhusa zenyewe ziishe.

Hospitali hiyo, siitaji, ndiyo pia iliyonionyesha ubaya wa jambo hili. Shilingi 15,000 kwa usiku, kwenye bahasha, bila karatasi. Nilijichoma sindano usiku mmoja nikaambiwa nikatafute dawa za kinga mwenyewe kwa kuwa "wewe si mtumishi wetu". Hapo kosa si kazi kuwa ya muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautambua mkataba wa muda maalumu kwa wenye taaluma. Kosa ni kufanya muda kuwa kisingizio cha kutoandika mkataba na kutopeleka michango NSSF.

Wapo watakaosema mgonjwa anamzoea muuguzi, kesho hayupo. Ni kweli, na wajawazito wangu watatu nilihuzunika kuwaacha. Lakini wangezoea nini kama dirisha lingefungwa? Dawa yake ni makabidhiano ya siku mbili, anayeondoka na anayeingia wakikaa meza moja na daftari la kliniki. Mimi nilipewa funguo za kabati na neno "karibu" tu.

Ninachoomba kwa halmashauri zetu za ukanda wa ziwa ni kitu kidogo. Tarehe ya makadirio ya kujifungua iko kwenye kadi ya muuguzi mwenyewe, kwa hiyo pengo linajulikana miezi sita kabla. Pawe na orodha ya wauguzi na matabibu wenye leseni walio tayari kuvuka maji, mkataba wenye idadi ya siku, nauli ya meli na michango, vyote visainiwe kabla mtu hajapanda chombo.

Nimesikia muuguzi wa kisiwa jirani na kile nilichokaa anajifungua mwezi ujao, na mpaka sasa hajui atamwachia nani funguo. Begi langu liko tayari.

Muuguzi mkunga,
Igoma, Mwanza