Watoto wetu wanapotea kati ya saa tisa na magharibi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niseme jambo linalonikaa rohoni tangu msimu wa tumbaku uliopita.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Isevya hapa Tabora mjini. Msimu ule nilikwenda kumsalimu mdogo wangu upande wa Urambo, ambako yeye na mumewe wanalima tumbaku ya mvuke kama majirani zao karibu wote. Jioni moja nilizunguka nyuma ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, kuokota kuni nikawakuta watoto watatu wamechuchumaa. Mmoja ni wa mdogo wangu, ana miaka 13, yuko darasa la saba. Walikuwa wamechomoa jani moja lililokauka vizuri, lile la rangi ya chungwa linalopata daraja zuri sokoni, wakalivunjavunja na kulisokota ndani ya karatasi ya daftari. Karatasi yenyewe niliisoma. Ilikuwa hesabu ya sehemu, na pembeni yake tiki nyekundu ya mwalimu. Mtoto aliponiona hakukimbia. "Shikamoo mama mkubwa," alisema, na moshi ukamtoka puani pamoja na salamu.

Sikumchapa. Nilikaa kwenye gogo nikamuuliza kwa nini. Akafikiri, kisha akanijibu kwa upole kabisa: "Tunasubiri giza tu, mama mkubwa. Hamna kitu cha kufanya."

Jibu hilo ndilo limenifanya nishike kalamu.

Nimefundisha miaka 31. Kila Juni, ilipokaribia tarehe 26, siku ya kimataifa ya kupiga vita dawa za kulevya, tulikuwa tunawapanga watoto mistarini. Wageni walikuja na picha za mapafu meusi. Watoto walitoa ngonjera, wakapigiwa makofi, wakanywa soda. Ngonjera hizo niliziandika mwenyewe na niliziamini. Lakini kengele ya saa tisa ilipolia walitoka getini wakaikuta mitaa ile ile: kijiwe cha bodaboda, banda la video, mashine ya kamari ya dubwi yenye taa za kuwakawaka, na kaka wa mtaani mwenye kiberiti mfukoni. Kijana mmoja aliyekuwa akiongoza ngonjera, mwenye sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtoto mwingine, nilimkuta miaka miwili baadaye nyuma ya stendi akivuta gundi kwenye chupa ya maji. Madhara yote aliyajua. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Ndiyo maana siamini tena kwamba tatizo ni watoto kutojua. Mtoto wa miaka 12 au 13 anajua. Wataalamu wa ubongo wanasema sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo ya jambo kabla ya kulitenda, haikomai mpaka mtu anapokaribia miaka 25, wakati sehemu ya kutamani na kufurahia inawahi kuchangamka. Kwa umri huo tamaa imeshaota ndevu, busara bado inanyonya. Na ukianza mapema unanasa zaidi. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1997 uliona kwamba kati ya watu walioanza kunywa pombe kabla ya miaka 15, karibu asilimia 40 walikuja kuwa tegemezi wa pombe. Kwa walioanza wakiwa na miaka 20 na zaidi ilikuwa karibu asilimia 10. Kila mwaka mmoja wa kuchelewa kuanza uliendana na hatari iliyopungua. Kwa hiyo hata tukimchelewesha mtoto miaka mitatu tu, tumemfanyia jambo kubwa.

Tumcheleweshe kwa kitu gani, basi? Mimi nasema kwa mchezo, kwa chakula, kwa usingizi, na kwa mtu mzima mmoja anayemjua jina.

Wapo waliojaribu. Nchi ya Iceland mwaka 1998 ilikuwa na hali mbaya: asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi mmoja uliopita, na asilimia 23 walivuta sigara kila siku. Wakubwa wa kule hawakuongeza vitisho. Waliwauliza watoto wenyewe wanaishije, kisha wakageuza jioni zao: vilabu vya michezo, muziki na sanaa vyenye makocha waliofundishwa, jiji la Reykjavik likachangia ada za watoto kwenye vilabu hivyo, wazazi wakawekeana makubaliano, na sheria ikazuia watoto wa miaka 13 hadi 16 kuzurura nje baada ya saa nne usiku wakati wa baridi. Ilipofika mwaka 2016 waliosema wamelewa ndani ya mwezi walikuwa asilimia 5, wavutaji wa kila siku asilimia 3. Nchi ile ni tajiri, na najua Tabora haina kumbi za michezo zenye kupashwa joto. Wala haizihitaji. Sisi jua tunalo mwaka mzima na kivuli cha miembe tunacho bure.

Kule Florida nako, mtafiti Chudley Werch na wenzake walijaribu njia nyingine ninayoipenda kama mwalimu. Walikaa na kijana ana kwa ana kwa mazungumzo mafupi, wakamuuliza anataka aonekane mtu wa namna gani: mwenye mbio, mwenye nguvu, mwenye kulala vizuri na kula vizuri? Kisha wakamwonyesha jinsi pombe na sigara zinavyoiharibu sura hiyo anayoitaka yeye mwenyewe. Nilijaribu mazungumzo ya aina hiyo na mtoto wa mdogo wangu pale kwenye gogo. Anacheza winga. Nilimuuliza pumzi inakata dakika ya ngapi. Akanyamaza, kisha akasema, "Kipindi cha pili sifiki." Habari ya saratani ya uzeeni isingemfanya anyamaze vile.

Sasa niseme letu sisi wakubwa, maana hapo ndipo panaponiuma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto asiuziwe sigara wala pombe. Sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 nayo imeweka umri wa miaka 18. Na tangu Machi 2017 viroba, ile pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki, vimepigwa marufuku, jambo ambalo mimi kama mwalimu nililishangilia, kwa sababu nilikuwa naviokota chooni kwa wavulana. Lakini nani anayemtuma mtoto dukani? "Nenda kwa Mangi kaniletee sigara mbili, chenji ununue pipi." Mtoto wa miaka tisa anaishika sigara mkononi, anainusa njiani, anajua bei yake na aina anayoipenda baba. Bibi anamtuma ugoro. Mjomba anamwachia wanzuki, pombe ya asali, kidogo chini ya kata "aonje asali". Tunafanya haya kwa mapenzi, bila nia mbaya, na ndiyo yanayomzoesha mtoto. Hata kocha wa mtaani niliwahi kumwona akimtuma golikipa wake wa miaka 11 sigara wakati wa mapumziko ya mechi. Mpira peke yake haumlindi mtoto kama anayeushika mpira ndiye anayemtuma.

Kwa ndugu zangu wakulima wa tumbaku sina neno la kuwalaumu. Zao hili limejenga nyumba za bati na limelipa karo zetu, mimi mwenyewe nikiwemo. Ombi langu kwao ni moja: mtoto asikae kwenye bani. Jani bichi lenye umande linapenyeza nikotini kwenye ngozi, mtu anapata kizunguzungu na kutapika, na mwili mdogo hauhimili. Na jani kavu linalobaki sakafuni baada ya kupanga madaraja lifagiliwe siku hiyo hiyo, kama tunavyofagia sumu ya panya.

Chakula watu wanakisahau. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi bila kitu, akakaa hadi saa tisa bila uji, anatoka getini tumbo likimuuma. Nje kuna chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu. Anakunywa, moyo unamwenda mbio, usiku halali, kesho darasani anasinzia, anachapwa, anatoroka. Nimeuona mnyororo huo kwa macho yangu mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Wakati huo huo jikoni kwetu kuna matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), karanga, maembe ya msimu, asali. Konzi ya karanga za kukaanga na kipande cha matobolwa vinamfikisha mtoto jioni. Na usingizi: wataalamu wanashauri saa 8 hadi 10 kwa kijana wa miaka 13 na kuendelea. Wazazi, tuikusanye simu saa tatu usiku tulale nayo chumbani kwetu.

Narudi kwenye saa tisa. Nilikuwepo kazini mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya mashuleni iliposimamishwa kwa hoja kwamba inawapotezea watoto muda wa masomo. Michezo ilirudi, namshukuru Mungu, na mashindano ya kitaifa ya UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari yamewahi kufanyika hapa hapa Tabora, tukajaa uwanjani kushangilia. Lakini mashindano yanawachukua watoto wachache wenye vipaji kwa wiki chache. Yule asiyejua kupiga mpira, yule mnene, yule msichana anayeona aibu kuvaa kaptula, yeye jioni yake iko wapi? Viwanja vya mtaa nilivyovikuta nilipohamia Isevya, viwili vimeshakuwa nyumba. Uwanja uliobaki wazi kila mtaa ni wa shule, na huo unafungwa kwa kufuli.

Tangu Januari mwaka huu mimi na akina mama wawili wa mtaani tumeomba kutumia uwanja wa shule ya jirani siku tatu kwa wiki. Mwalimu mkuu alikubali kwa sharti kwamba mmoja wetu abaki mpaka mtoto wa mwisho aondoke, na ni sharti zuri. Watoto wanakuja 30, siku nyingine 40. Wasichana wanacheza netiboli na rede, wadogo kombolela, wapo wanaokaa tu chini ya mwembe wakicheza mdako na kupiga soga, na hao nao nawahesabu. Mama mmoja anapika uji wa karanga kwenye sufuria ya msibani. Mpira wetu umepasuka mara mbili, fundi viatu wa sokoni ameushona bila kudai senti. Hatutoi somo lolote la dawa za kulevya. Akikosa mtoto siku mbili tunakwenda kwao kuuliza. Mvulana mmoja wa darasa la sita, ambaye mama yake alinieleza kwa machozi kwamba ameanza kunuka sigara, sasa ndiye anayeshika filimbi. Sijui mwaka kesho atakuwa wapi. Najua kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi jioni yuko wapi.

Kwa hiyo naomba, Mhariri, ujumbe huu uwafikie kamati za shule na halmashauri yetu. Hatuombi jengo wala semina. Tunaomba kila shule ya msingi ya manispaa iwe na mtu mzima mmoja anayeaminika kwa zamu, mwalimu, mstaafu au mzazi aliyepitishwa na kamati, mwenye ufunguo wa geti, na mipira miwili. Wastaafu wa kazi hiyo tupo mitaani, tena wengi, tumekaa barazani mchana kutwa. Kwa sasa mlinzi anafunga geti saa tisa na nusu. Lifungwe saa kumi na mbili na nusu.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Isevya, Tabora