Mtani, fildi siyo kupiga fotokopi

Mtani vipi, za Singida? Nasikia upepo wa huko unapiga hadi mtu anatembea kashika kofia. Meseji yako nimeisoma kwenye daladala nikacheka peke yangu kama chizi, eti umesota na uinjinia miaka yote hii halafu kiwanda cha alizeti kimekukalisha ofisini unapiga fotokopi na kuwapelekea mabosi chai. Pole sana. Ngoja nikupe ya huku.

Sisi tunatengeneza ndoo na mabeseni ya plastiki. Nilivyoripoti hawakujua wanipe kazi gani, supavaiza akaniambia we zunguka tu uone, unazijua zile. Basi nikachagua mashine moja nikaganda nayo na simu na kalamu, imezimwa saa ngapi, imewaka saa ngapi, kisa nini. Maana ofisini wote wanalia mashine zimechoka zinunuliwe mpya. Kumbe wala! Kinachokula muda ni kubadilisha moldi, lile chuma linaloipa ndoo umbo lake. Mashine inazimwa kwanza ndo mtu anaanza kutafuta spana, spana ziko stoo, wa stoo kaenda kula, akirudi winchi inatumika upande wa pili, moldi yenyewe ina vumbi, bolti kila moja saizi yake na spana yake, yaani karibia masaa matatu hakuna ndoo hata moja inayotoka.

Unamkumbuka Shigeo Shingo, yule injinia Mjapani wa ile lekcha tuliyosinzia wote? Mwaka 1969 pale Toyota kulikuwa na presi, mashine ya kukandamiza chuma kwa nguvu ya tani 1,000, kubadilisha dai yake (yaani moldi ya presi) ilikuwa masaa manne, jamaa akaishusha mpaka dakika 90 na baadaye ikafika dakika 3. Kikubwa alichofanya ni kutenganisha, kila kinachoweza kuandaliwa mashine ikiwa bado inazalisha kiandaliwe kabla haijazimwa. Darasani niliona stori za slaidi tu.

Hapa tukaweka troli ya spana, moldi inayofuata inasafishwa na kusogezwa mapema, bolti zikawa saizi moja. Halafu rangi. Walikuwa wanatoka ndoo nyeusi wanaruka kwenye nyeupe, plastiki kibao inamwagwa mpaka weusi uishe kwenye bareli, lile bomba la mashine linaloyeyusha plastiki. Sasa wanaanza nyeupe, njano, nyekundu, bluu, nyeusi inakaa mwisho. Muda umeshuka zaidi ya nusu na dada wa krasha anasema siku hizi anapata hata nafasi ya kukaa, mabaki ya kusaga yamepungua.

Ila kuna kitu kinaniuma mtani. Hayo ya rangi na troli wala siyo akili yangu, fundi wa moldi, mzee tunamwita Babu, alishawaambia mabosi zamani sana na hakuna aliyemsikiliza. Nimekuja mimi mtoto wa chuo na karatasi yenye grafu, imepita fasta. Kwenye ripoti nimemwandika jina ukurasa wa kwanza, wapende wasipende. Na troli nimeomba akabidhiwe yeye, maana ikibaki ya ofisi nikiondoka tu utaikuta inabebea maji ya kunywa. Chuo nacho kingekuwa kinaleta mtu mwingine hapa hapa mwakani aendeleze nilipoishia, badala yake kila mtu anaanza sifuri, mwalimu anakuja mara moja anasaini logibuku anakunywa soda anasepa.

Sasa we huko, fotokopi zikiisha nenda kwenye ekspela, ile mashine ya kukamua mafuta. Pima mbegu zinazoingia, pima mafuta, pima mashudu. Chukua mashudu uyaminye, yakiacha mafuta kwenye vidole ujue kiwanda kinauza mafuta yake kwa bei ya chakula cha ng'ombe. Hapo ndo uanze kuuliza, mbegu zimekauka vizuri au zina unyevu, skrubu imelika, nani anaikaza, na kwanini shifti ya usiku haitoi sawa na ya mchana (kama haitoi). Usianze na meneja, anza na yule anayemwaga mbegu, mnunulie hata sigara. Ukipata namba za wiki nzima nitumie tuchore wote grafu, mi kompyuta ninayo.

Bumu la fildi limeingia kwako? Kwangu bado, nakula mihogo tu. Na kuku wa Singida usijifanye umesahau, ukirudi Dar mikono mitupu tutagombana.