Reli ipo, treni haipo

Longmont, Colorado, Marekani

Baba, jambo sana kwako, kwa Mama na kwa wote wa Katuba.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza wote. Unasema Lubumbashi ina bahati: reli ilifika tangu 1910 na inapita katikati ya mji, kwa hiyo kilichobaki ni kuweka mabehewa ya abiria, watu waache kubanana kwenye taksibisi. Hayo ni maneno ya mtu wa SNCC, shirika la reli la Kongo, siyashangai. Ila ngoja nikupe habari za huku.

Mwaka 2004 wapigakura wa Denver na miji ya jirani walikubali kuongezewa kodi ya mauzo, senti 40 kwa kila dola 100, ili zijengwe treni mpya. Mpango huo, FasTracks, ulikadiriwa kugharimu dola bilioni 4.7. Njia moja ilikuwa ipite Boulder mpaka hapa Longmont, zaidi ya kilomita 60. Na reli ilikuwepo, Baba! Treni za mizigo zinapita hapa mjini zikipiga honi, tunasubiri ziishe ndipo tuvuke. Lakini reli ni ya BNSF, kampuni ya mizigo, na kupitisha abiria juu yake kunataka makubaliano, njia za kupishania, ishara mpya, yaani pesa juu ya pesa. Gharama za ujenzi zikapanda, halafu uchumi ukaanguka 2008 na kodi ikapungua. Mwaka 2016 treni ilifika Westminster, kama kilomita 10 kutoka Denver, ikaishia hapo. Kwingine zilijengwa, hata ya kwenda uwanja wa ndege ipo. Sisi bado tunangoja, na nikinunua sufuria, ile kodi imo kwenye risiti.

Watu wa Boulder mwaka huohuo walipata basi, Flatiron Flyer. Nimelipanda. Foleni ikishika, dereva anaruhusiwa kutoka pembeni, kwenye ukingo wa lami, akawapita wenye magari waliokaa mmoja mmoja ndani. Baiskeli zinaingia chini, kwenye buti. Si treni, lakini linafika.

Kwa hiyo huko Lubumbashi mimi ningeanzia barabara ya Ruashi: basi lipewe njia yake, vituo viwe na paa, manseba, wale wa pikipiki za abiria, waonyeshwe pa kusimama. Treni ije baadaye, ila viwanja vya kando ya reli visiuzwe (na wewe unawajua wanaoviuza).

Halafu wewe mwenyewe ulitusimulia kwamba treni ya shaba ikija, ya abiria inangoja. Waulize wenzako wa zamani: saa kumi na mbili asubuhi, shaba na watu wa kazi wakitaka njia moja, nani atapewa? Wakinijibu vizuri nitakuwa upande wako.

Pesa ya dawa za Mama naituma Ijumaa, Yaya aende kuichukua.

Mwanao