Barua ya wazi kwa Waziri wa Habari, Vijana, Utamaduni na Michezo wa Zanzibar: Tuwatambue walimu wa muziki wangali hai

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa mzazi ambaye binti yake alisoma katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho wengi hapa Unguja tumezoea kukiita DCMA, kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, Dhow Countries Music Academy. Jambo ninalokuletea ni moja. Walimu waliomlea binti yangu katika muziki, na wengine wengi wa aina yao, hawana karatasi inayowatambua kuwa walimu, na kwa kuikosa karatasi hiyo hawaajiriki katika skuli zetu wala hawana uhakika wa kipato. Naomba Wizara yako iwafungulie njia ya kutambuliwa wakiwa bado wana nguvu ya kufundisha.

Chuo hicho kiliasisiwa mwaka 2001, na mwaka uliofuata kikaanza kufundisha katika Jumba la Forodha Kongwe, Mizingani, mbele ya bahari. Kabla ya hapo, kijana aliyetaka kujifunza kupiga udi au fidla hakuwa na njia nyingi zaidi ya kwenda kukaa nyuma ya wakubwa klabuni, iwe Ikhwani Safaa, iliyokuwapo tangu mwaka 1905, au Culture Musical Club, iliyoanza mwaka 1958, na kujifunza kwa macho na masikio mpaka mzee mmoja amwonee huruma na kumsogezea ala. Njia ile ilitupatia wapigaji hodari na siidharau hata kidogo. Iliwapita wasichana wengi, lakini, kwa sababu wazazi hawakuwa radhi mabinti wao wakeshe klabuni na wanaume, na ndiyo maana kwa miaka mingi mwanamke wa taarab alikuwa mwimbaji huku ala zikibaki mikononi mwa wanaume. Chuo kiliweka darasa lenye saa zake na mwalimu wake, mahali ambapo mzazi anaweza kumpeleka mtoto na kumfuata. Hilo peke yake lilitosha kunifanya nimkubalie binti yangu alipoomba kujifunza kanuni, ile ala ya nyuzi inayopigwa ikiwa imelazwa mapajani.

Niruhusu nikueleze alasiri moja. Nilifika mapema kumchukua, nikakaa kwenye kizingiti cha darasa. Mwalimu wake, mzee ambaye jina lake nalihifadhi, alikuwa ameilaza kanuni juu ya mapaja, anazikaza nyuzi zake. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, nazo zimefungwa tatu tatu, kila tatu kwa sauti moja, kwa hiyo uzi mmoja tu ukilegea sauti yote inachafuka. Alikuwa akigusa nyuzi tatu, anatega sikio, anazungusha ufunguo kidogo mno hata huwezi kuona kama mkono umesogea, kisha anarudia. Hakuwa na kipimo chochote cha umeme. Alipomaliza, akamvisha binti yangu vile vipete viwili kwenye vidole vya shahada, akachomeka vijiti vya kupigia, na kumtaka apande ngazi ya Rasti, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Alipofika sauti ya tatu, ile inayokaa kati ya funguo mbili za kinanda na ambayo kinanda hakina kabisa, mtoto akakosea. Mzee hakumwonyesha kibati cha kuinua sauti ya nyuzi. Alimwambia, "Weka mikono chini. Iimbe kwanza." Aliiimbisha sauti hiyo moja kwa muda niliouona mrefu, hadi mtoto akaikamata kooni, na ndipo alipomruhusu kurudi kwenye nyuzi. Tangu siku ile hakuikosa tena. Nimefundishwa na walimu wengi maishani mwangu, wengi wao wakiwa na shahada ukutani, na ni wachache niliowaona wakijua kwa usahihi namna hiyo mwanafunzi amekwama wapi.

Mzee huyo huyo aliwahi kuomba kufundisha muziki katika skuli moja ya mjini. Aliambiwa alete cheti cha ualimu au walau cheti cha kumaliza kidato cha nne, naye hakuwa na kimoja wala kingine. Siwalaumu waliompokea, kwa kuwa walifuata utaratibu uliopo. Utaratibu huo ndio ninaouombea marekebisho.

Mheshimiwa, mafanikio ya chuo kile hayahitaji kutafutwa kwa taa. Mohamed Issa Matona, bingwa wa fidla, kanuni na udi, alifundisha hapo na kuongoza shughuli zake za kisanii. Amina Omar Juma, ambaye wapenzi wa muziki wanamfahamu kwa jina la Siti Amina, alijifunzia hapo udi, akafundisha hapo hapo, kisha pamoja na mpigaji kanuni Gora Mohamed na wenzao wakaunda Siti and the Band, kundi linaloiweka taarab yetu ndani ya miondoko ya leo bila kuivunja mifupa. Wanafunzi na walimu wa chuo wamepanda mara nyingi jukwaa la Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004 na linalojaza wageni Ngome Kongwe kila Februari. Mwanamke anayepiga udi mbele ya hadhira ya Zanzibar si kioja tena, na mimi mzazi wa mtoto wa kike naliona hilo kuwa kubwa kuliko tuzo yoyote.

Tena yumo Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, Mungu amrehemu, ambaye alikuwa miongoni mwa walioupitisha ujuzi wao kwa vijana wa chuo hicho. Alijifunza kuimba kwa kumsikiliza Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarab wa zamani, akajua ngoma ya unyago kuliko yeyote, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, mojawapo ya heshima kubwa katika muziki wa dunia. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Hakuwahi kuwa na cheti cha ualimu wa muziki. Kwa masharti aliyowekewa yule mzee wa kanuni, Bi Kidude naye asingeajiriwa kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza kupiga ngoma ya kwao.

Serikali kugharimia ujuzi wa muziki si jambo geni katika visiwa hivi. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim mpaka Kairo ili akajifunze kanuni na kurudi kuwafundisha wengine. Aliona inafaa kulipia safari ya mtu mmoja kuvuka bahari kwa ajili ya ala moja. Ujuzi huo leo tunao hapa hapa, katika vichochoro vya Mji Mkongwe na huko Ng'ambo, na hauhitaji nauli.

Unahitaji ujira. Mwaka 2019 chuo kilitangaza hadharani kuwa kingeweza kufunga milango kwa kukosa fedha, baada ya misaada ya wafadhili kupungua. Ilielezwa wakati huo kwamba karibu asilimia 70 ya wanafunzi wake 80 wa muda wote hawakuwa na uwezo wa kulipa ada, ambayo ilikuwa kama dola 13 za Marekani kwa mwezi. Maana yake ni kwamba mshahara wa mwalimu ulitegemea barua inayojibiwa Ulaya. Ilipochelewa, mwalimu alitafuta harusi ya kupiga au hoteli ya kuchangamsha wageni, na darasa likangoja. Mwalimu wa aina hii akitambuliwa rasmi, skuli inaweza kumwajiri kwa vipindi, halmashauri inaweza kumlipa posho, na chuo cha jamii hakibebi mzigo wake peke yake.

Njia ninayoipendekeza imekwisha kufanyiwa kazi upande wa Bara, ambako VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inarasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Mwashi, fundi cherehani au mpishi hupimwa kwa kazi aliyoifanya kwa mikono yake, kisha hupewa cheti kinacholingana na uwezo wake. Sisi tuna Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, na tuna BASSFU, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, linalowafahamu wasanii wetu. Naomba vyombo hivi viwili viketi pamoja na wazee wa klabu za taarab, wa kidumbak na wa ngoma za Unguja na Pemba, waunde jopo la kusikiliza. Mwombaji apige, akaze ala yake mbele yao, kisha apewe mwanafunzi asiyemjua amfundishe kwa nusu saa. Hapo ndipo mwalimu atakapojitenga na mpigaji, maana si kila anayepiga vizuri anajua kufundisha, na ningependa jopo liwe kali katika hili. Cheti kitakachotolewa kwa huruma kitamvunjia heshima hata yule anayekistahili.

Najua patakuwa na pingamizi la haki. Wapo mabingwa wasioweza kuandika mtaala wala azimio la kazi, na mkuu wa skuli hawezi kuendesha ratiba kwa mambo yaliyomo kichwani mwa mtu mmoja. Kwa hilo wahitimu wa chuo ndio msaada. Kijana anayesoma nota na anayeijua kompyuta awekwe pamoja na mzee. Mzee afundishe, kijana aandike, arekodi, apange masomo. Binti yangu amekuwa akimfanyia hivyo mwalimu wake bila malipo, na daftari lao la mazoezi ya kanuni limefika kurasa kadhaa zilizojaa. Wakiwapo wawili wa aina hiyo katika kila wilaya, somo la muziki lenye asili ya hapa litapata kitabu chake, na kijana naye atapata kazi ya kuanzia.

Mwaka wa fedha huanza Julai, na makadirio ya Wizara yako husomwa Baraza la Wawakilishi kabla ya hapo. Naomba kifungu kimoja kiwekwe kwa ajili ya jopo hilo na posho ya walimu watakaofaulu, hata kama kwa kuanzia watakuwa wachache. Nakuomba pia, Mheshimiwa, kabla ya kuamua, utenge alasiri moja usikilize darasa likiendelea, bila msafara na bila onyesho lililoandaliwa. Yule mzee bado anafundisha. Mkono wa kushoto umeanza kumtetemeka, lakini sikio lake liko vile vile.

Naomba kuwasilisha.

Mzazi wa mwanafunzi wa zamani,
Mji Mkongwe, Unguja