Asante mama wa Hombolo

Shikamoo mama. Hatukupeana majina, kwa hiyo naandika hapa nikitumaini mwanao ataisoma. Ni mimi yule kijana wa kujitolea kutoka Mombasa, uliyenikuta kituoni hapo Hombolo, Dodoma, jua la utosi, basi limeshaondoka. Kwetu niliambiwa Dodoma ni ukame na njaa tu. Begi zima nilijaza maharage ya makopo!

Ukanipeleka kwako, ukanisongea ugali wa uwele na mlenda wa karanga, ukacheka nilivyohangaika kuukata ule ute unaovutika kati ya bakuli na mdomo. Halafu shambani: zabibu safu kwa safu, mashada yameinamia udongo mwekundu. Ukanieleza zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na kwamba kinachokukosesha usingizi ni bei ya mnunuzi. Mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, ndiyo maana mnalima mtama na uwele, vinavyostahimili. Hayo yote hakuna aliyenieleza kabla sijavuka mpaka.

Nauli ya bodaboda uliyonilipia ulikataa nikurudishie. Basi nimemwachia dereva yuleyule leso mbili na achari ya embe. Akija, tafadhali usimrudishe.