Uzito ukigoma baada ya upasuaji wa tumbo, mgonjwa asiachwe peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo magazeti yetu, likiwamo lako, hulieleza nusu tu. Tangu huduma za kuwekewa puto tumboni na za upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula zianze kupatikana hapa nchini, hata katika hospitali ya umma kama Muhimbili Mloganzila, tumezoea kusoma habari za mtu aliyepungua kilo nyingi kwa miezi michache, zikiambatana na picha mbili, ya kabla na ya baada. Sina ugomvi na habari hizo, kwa kuwa upasuaji huu unasaidia kweli, na wako wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili na wa shinikizo la damu waliopata nafuu kubwa baada yake. Ninacholalamikia ni kwamba habari hukatishwa wakati uzito bado unashuka, na msomaji haambiwi kinachofuata. Mimi ni afisa lishe, na hicho kinachofuata ndicho ninacholetewa: mizani imegoma, mgonjwa ana hofu, na ndugu wameanza kunong'ona kwamba fedha zimepotea.

Mgomo huo wa mizani ni jambo la kutarajiwa, na mgonjwa angepaswa kuambiwa hivyo kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Wengi huuona kwa mara ya kwanza mnamo wiki ya tatu. Siku za mwanzo mwili hutumia akiba ya wanga iliyo kwenye ini na misuli, na kwa kuwa kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji, uzito huporomoka haraka mno. Akiba ikijazwa tena kidogo, maji nayo hurudi, na mizani husimama kwa siku kadhaa ingawa mafuta yanaendelea kupungua. Mgomo wa pili ni mzito zaidi, nao huja kati ya mwaka mmoja na miwili. Mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko ulipokuwa mkubwa, misuli iliyopotea njiani hupunguza matumizi hayo zaidi, na hatimaye chakula kilekile kilichomfanya mtu apungue katika mwezi wa pili kinakuwa ndicho kinachotosha kumweka alipo.

Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987, ulioandikisha watu zaidi ya 4,000 na kuwalinganisha waliopasuliwa na wasiopasuliwa, ulionyesha kwamba waliotengenezewa tumbo dogo na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo walikuwa wamepungua asilimia 32 hivi ya uzito wao katika mwaka wa kwanza au wa pili, na baada ya miaka 10 upungufu ulikuwa asilimia 25. Hayo ni matokeo mazuri sana kwa ugonjwa sugu. Lakini hata katika matokeo mazuri uzito ulisimama, na sehemu yake ikarudi.

Mtu asiyejua hayo hujiona ameshindwa, naye hutafuta dawa yake mwenyewe. Wapo wanaoacha kula siku nzima, wapo wanaonunua chai za kupunguza tumbo, ambazo nyingi kazi yake ni kuharisha tu, na wapo wanaouliza kama wanaweza kupasuliwa tena. Ni wachache wanaorudi kueleza wanachokula, na ukweli mara nyingi umejificha hapo.

Nikimwomba mteja anisimulie alichokula jana tangu alipoamka, jibu la kwanza huwa kwamba hali kitu. Chakula cha mchana ni vijiko vitatu vya wali na kipande kidogo cha samaki, na hapo anasema kweli, kwa sababu katika aina nyingine ya upasuaji huu, aliyofanyiwa yeye, huondolewa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, na kilichobaki ni mrija mwembamba usioweza kupokea zaidi. Tukiendelea kuzungumza, inatokea chupa ya chai iliyojaa uji wa lishe, ambayo mama mkwe huileta asubuhi kwa mapenzi mema, nayo hunywewa taratibu hadi adhuhuri. Uji huo una ulezi, mahindi, soya na karanga, umetiwa maziwa na sukari, na kikombe kimoja tu kinaweza kufikia kalori 250. Inafuata juisi ya embe ya saa kumi, halafu karanga za kuonjaonja, halafu visheti viwili vilivyoletwa na jirani. Vyote hivyo ni laini, ni vya majimaji au huyeyuka mdomoni, kwa hiyo hupita kwenye tumbo jipya bila kulijaza, ilhali mnofu wa samaki au yai la kuchemsha hukaa na kumshibisha mtu mapema. Anayekunywa nishati yake kidogo kidogo mchana kutwa hana njaa, hajavimbiwa, na hapungui hata gramu moja. Sisemi uji ni sumu. Unga huohuo umesaidia watoto wengi wa nchi hii. Ila ni chakula cha kunenepesha, na tusishangae ukifanya kazi yake.

Kinachopaswa kuja kwanza mezani ni protini. Kiwango kinachotolewa kwa kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, ambacho ni kigumu kukifikia kwa tumbo dogo, na hivyo mgonjwa hufundishwa aanze na protini, amalizie na mboga, na wanga uje mwisho kama nafasi ipo. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa gramu 8, na dagaa wakavu gramu 30, ambao ni konzi moja, wana zaidi ya gramu 15. Nawataja dagaa makusudi, maana wapo wanaoamini kwamba lishe ya baada ya upasuaji lazima iwe unga wa protini wa kopo unaouzwa kwa bei ya kutisha. Maji nayo yafike lita moja na nusu kwa siku, kwa mafunda madogo, yasinywewe pamoja na chakula, na baada ya kula asubiri nusu saa.

Suala linalonitia wasiwasi kuliko mizani ni vitamini na madini. Kunyonywa kwa vitamini B12 kunategemea tindikali na kiambata maalumu vinavyotengenezwa na tumbo, yaani kile kiungo kilichokatwa. Upungufu wake hujificha kwa miezi mingi, kisha huja kama ganzi ya miguu, uchovu na upungufu wa damu. Madini chuma hupungua hasa kwa wanawake wanaopata hedhi, na mazoea yetu ya kushushia chakula kwa chai ya rangi huyazuia zaidi yasinyonywe. Vidonge vya madini chuma na vya kalsiamu havimezwi pamoja. Viachane kwa saa mbili. Vidonge hivi ni vya maisha yote, na mgonjwa anayeviacha kwa sababu anajisikia vizuri, au kwa sababu chupa imekwisha na mshahara haujatoka, hatagundua hasara yake mwezi huo.

Wenzangu wa vituo vya afya nawaomba jambo moja mahususi. Mtu aliyepasuliwa tumbo ambaye anatapika kwa siku kadhaa mfululizo anaweza kuishiwa vitamini B1 ndani ya wiki chache, na akitundikiwa dripu ya sukari kabla ya kupewa vitamini hiyo, ubongo wake unaweza kudhurika kabisa. Akianza kuyumba anapotembea, kuona vitu viwiliviwili au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura. Ndugu naye asione aibu kutaja upasuaji uliofanyika. Wapo wanaouficha hata mbele ya daktari, eti wasionekane wamepungua kwa njia ya mkato.

Najua pia kwamba wasomaji wako wengi hufunga Ramadhani. Anayetaka kufunga azungumze kwanza na daktari wake, hasa katika mwaka wa kwanza, kwa sababu lita moja na nusu kwa mafunda madogo haiingii kirahisi kati ya futari na daku, na tambi za sukari pamoja na kaimati humtia mtu wa tumbo lililounganishwa na utumbo jasho, kizunguzungu na kuharisha.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mwandishi wako atakapopewa tena picha ya kabla na ya baada, aulize mgonjwa huyo amepasuliwa muda gani uliopita, amepimwa damu lini kwa mara ya mwisho, na bei aliyotajiwa ilihusisha mahudhurio mangapi kwa mtaalamu wa lishe. Hospitali inayotangaza bei ya upasuaji bila gharama ya vipimo na vidonge vya miaka inayofuata haijamtajia mteja bei kamili, na gazeti linaloichapa bei hiyo bila kuhoji linashiriki kumpotosha. Mahudhurio katika mwezi wa 1, wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka, yaandikwe kwenye makubaliano kabla mgonjwa hajatia saini, na tarehe ya kwanza apewe siku anayoruhusiwa kwenda nyumbani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Afisa Lishe,
Temeke, Dar es Salaam